Vijidudu: Tuwaelezeje Watoto Wetu Wadogo?



Kila siku tunawaambia watoto wetu, "Nawa mikono." Tunawaambia, "Usile embe hilo, limeanguka chini." Tunawaambia, "Usinywe maji ya mtoni." Watoto wanasikia. Lakini tukigeuka tu, mtoto anaokota embe lile, analifuta kwenye kaptura yake, anakula.

Je, mtoto huyu ni mkaidi? Hapana. Ameutazama mkono wake, akauona ni safi. Ameyatazama maji ya mtoni, akayaona yanang'aa. Kwake yeye, kitu kisichoonekana hakipo. Tena hakuna mtu aliyemweleza sababu. Ameambiwa "uchafu" tu, na huo uchafu yeye hauoni.

Mtoto anayenawa kwa kuogopa fimbo atanawa pale fimbo ilipo. Mtoto anayejua sababu atanawa hata akiwa peke yake, shuleni, machungani au kwa jirani. Kwa hiyo leo tutajifunza namna ya kumwonyesha mtoto mdogo habari za vijidudu. Huhitaji vifaa vya hospitali. Utahitaji maziwa, unga, mkaa, sabuni na punje za mahindi.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA?

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuhara huua karibu watoto 444,000 wenye umri chini ya miaka 5 kila mwaka. Kuhara si ugonjwa mgeni kwetu. Kila mzazi anaujua. Mara nyingi huletwa na vijidudu vinavyoingia mdomoni kwa maji, kwa chakula na kwa mikono.

Na mikono ya mtoto mdogo haikai bure. Inachezea udongo, inashika kuku, inashika kinyesi, kisha inaingia mdomoni. Mzazi hawezi kuifuata mikono hiyo kutwa nzima. Ni lazima mtoto mwenyewe awe mlinzi wa mikono yake.

VIJIDUDU NI NINI?

Vijidudu ni viumbe vidogo mno. Macho yetu hayawezi kuviona. Viko kwenye udongo, kwenye maji, hewani, kwenye ngozi yetu na ndani ya matumbo yetu.

Vipo vya namna nyingi. Wapo bakteria. Ukichukua bakteria elfu moja wa kawaida ukawapanga mstari mmoja, mstari wao utakuwa na urefu wa milimita moja hivi. Hiyo ndiyo nafasi ndogo kabisa kwenye rula ya mtoto wa shule. Vipo virusi, ambavyo ni vidogo zaidi kuliko bakteria. Virusi huleta surua, mafua na UKIMWI. Tena ipo kuvu. Ukungu unaouona kwenye mkate wa siku nyingi ni kuvu. Hata hamira ya maandazi ni kuvu.

Ili kuviona vijidudu, wataalamu hutumia chombo kinachokuza kitu, kiitwacho hadubini. Watu wengi hukiita darubini tu. Labda umewahi kukiona zahanati. Mpimaji anakutoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kipande cha kioo, kisha anachungulia. Anatafuta vijidudu vya malaria.

Na minyoo je? Minyoo mingi tunayoijua inaonekana kwa macho. Lakini mayai yake ni madogo mno, hayaonekani. Mayai ya minyoo kama mchango huingia mdomoni kwa njia ile ile ya vijidudu vya kuhara. Kwa hiyo anayenawa mikono anajikinga na vyote viwili.

ALIYEVIONA KWANZA HAKUWA PROFESA

Hapo zamani watu hawakujua kabisa kwamba kuna viumbe wa namna hii. Mtu aliyewaona na kuandika habari zao alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Aliishi katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi.

Bwana huyu hakusoma chuo kikuu. Alijifunza mwenyewe kusugua vipande vidogo vya kioo mpaka vikaweza kukuza vitu. Alichungulia maji ya ziwa, maji ya mvua na maji yaliyolowekwa pilipili. Mwaka 1676 aliandika barua kwa wataalamu wa London, kwa lugha ya kwao Kiholanzi. Aliwaambia ameona viumbe hai wadogo mno ndani ya maji. Wengine hawakuamini. Lakini mwaka 1677 mtaalamu mmoja wa London, Robert Hooke, alichungulia mwenyewe akawaona. Mwaka 1683 Leeuwenhoek aliandika tena. Safari hii alikuwa amechokoa utando wa meno yake, akakuta umejaa viumbe hao.

Mweleze mtoto wako hadithi hii. Watoto wanapenda hadithi. Mwambie, "Hata mtu mzima wa zamani hakuamini mpaka alipochungulia." Hapo mtoto atakuuliza, "Na sisi tutachunguliaje?" Swali hilo ndilo unalolitaka.

ANZA NA VIJIDUDU RAFIKI

Wengi wetu tukitaja vijidudu tunataja magonjwa tu. Tukimwanzia mtoto hivyo, ataogopa. Atadhani kila mahali kuna adui. Wengine huogopa hata kulala. Tena si kweli kwamba vijidudu vyote ni vibaya. Vingi havitudhuru, na vingine vinatufanyia kazi kila siku.

Nani anayegandisha maziwa? Ni bakteria. Nani anayeipa togwa ile ladha ya uchachu? Ni bakteria. Nani anayeumua maandazi? Ni hamira. Nani anayeozesha majani shimoni mpaka yakawa mboji? Ni bakteria na kuvu.

Nenda naye shambani. Ng'oa mche mmoja wa maharage, polepole, usikate mizizi. Mwonyeshe vile vifundo vidogo vilivyo kwenye mizizi. Ndani ya vifundo hivyo wanaishi bakteria. Wao huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ndiyo maana Bwana Shamba hutushauri kupanda maharage au kunde pamoja na mahindi.

Hata matumboni mwetu wapo bakteria wengi wanaotusaidia. Kwa hiyo mwambie mtoto hivi: "Vijidudu ni kama watu wa mnadani. Wengi ni watu wema wenye shughuli zao. Lakini wamo wezi wachache. Hatuogopi kwenda mnadani, ila tunafunga mfuko wetu vizuri."

JARIBIO LA KWANZA: MAZIWA

Chemsha maziwa, kisha yaache yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu. Yagawe katika vikombe viwili safi. Katika kikombe cha kwanza tia kijiko kimoja cha mtindi wa jana. Kikombe cha pili usitie kitu. Vifunike vyote viwili, viache mahali penye joto.

Kesho yake fungua pamoja na mtoto. Maziwa ya kikombe cha kwanza yameganda. Ya kikombe cha pili yako vile vile, au hayajaganda kama yale. Muulize mtoto, "Nani ameyagandisha haya? Mimi nilikuwa nimelala, na wewe ulikuwa umelala." Mwache afikiri. Kisha mwambie kwamba katika kile kijiko cha mtindi walikuwamo bakteria wengi sana. Usiku kucha wao walikuwa kazini.

Jaribio hili unaweza kulifanya pia kwa unga wa maandazi. Kanda madonge mawili. Moja tia hamira, jingine usitie. Mtoto atayaona mwenyewe.

JARIBIO LA PILI: UKUNGU

Chukua kipande cha mkate au ugali. Kinyunyizie maji kidogo, kitie ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funga vizuri. Kila siku mtazame pamoja. Baada ya siku chache mtaona nywele nyeupe, kisha rangi ya kijani au nyeusi. Hiyo ni kuvu. Mbegu zake zilikuwa hewani tangu mwanzo, lakini zilikuwa ndogo, hamkuziona. Sasa kuvu imekua, inaonekana.

Angalia sana: chupa hiyo msiifungue. Mkimaliza, ichimbieni chini.

Hapo mweleze mtoto jambo kubwa zaidi. Mahindi au karanga zenye ukungu hazifai kuliwa. Kuna kuvu inayotoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mtoto akiona karanga yenye ukungu, aitupe, asiipanguse na kula. Na sisi wakubwa tuanike mahindi mpaka yakauke kabisa kabla ya kuyahifadhi.

JARIBIO LA TATU: MKONO MWEUSI

Hili watoto hulipenda kuliko yote. Paka mafuta ya kula kidogo kwenye kiganja chako. Saga mkaa uwe unga, nyunyiza juu ya mafuta. Sasa mpe mtoto mkono kama unamsalimia. Mwambie naye ampe mwenzake mkono. Mwenzake ashike kikombe. Mwingine ashike kile kikombe.

Tazameni. Weusi wa mkaa umetoka kwako, umefika kwa mtoto wa tatu ambaye hukumgusa kabisa. Mwambie mtoto, "Vijidudu husafiri hivi hivi. Tofauti ni kwamba mkaa unauona, vijidudu huvioni."

Kisha mwambie anawe kwa maji matupu. Weusi hautoki vizuri. Sasa mpe sabuni, asugue. Weusi unatoka. Kwa nini? Vijidudu hushikamana na mafuta ya ngozi na uchafu. Maji peke yake huteleza juu ya mafuta. Sabuni huyang'oa yale mafuta, na maji huyachukua pamoja na vijidudu vyake.

HESABU YA PUNJE ZA MAHINDI

Bakteria hazai kama ng'ombe. Yeye hugawanyika mara mbili. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Wapo bakteria ambao, wakipata chakula, unyevu na joto, hugawanyika kila baada ya dakika 20.

Kaa na mtoto chini, mchukue punje za mahindi. Weka punje moja. Sema, "Sasa ni saa 2 asubuhi." Baada ya dakika 20, punje 2. Baada ya dakika 40, punje 4. Saa 3 kamili, punje 8. Endeleeni. Saa 4, punje 64. Saa 5, punje 512. Hapo mahindi yatakuwa yamejaa mkekani na mtoto atachoka kuhesabu. Mwambie kwamba saa 6 wangekuwa 4,096, na wote wametoka kwa mmoja.

Ndiyo maana wali au mchuzi ulioachwa nje mchana kutwa unachacha. Ndiyo maana kiporo lazima kifunikwe, na kabla ya kuliwa kipashwe moto mpaka kitoe mvuke chote, si juu juu tu. Hata hivyo chakula kilichokwisha kuchacha kitupwe. Kupasha moto hakukifanyi kiwe kizuri tena.

Hesabu hii inamfaa mtoto, na inatufaa sisi wahitimu wa kisomo pia. Tunazoeza akili.

VIJIDUDU HAVIPITI NJIA MOJA

Mtoto akishajua habari za vijidudu, anaweza kudhani kwamba kunawa mikono kunazuia kila ugonjwa. Tumweleze kwamba vijidudu vibaya vina njia mbalimbali. Tumwambie tatu kwanza.

Njia ya mdomo. Vijidudu hutoka kwenye kinyesi, vikapita kwenye mikono, nzi, maji au chakula, vikaingia mdomoni. Hii ndiyo njia ya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Tunaifunga kwa choo, kwa sabuni, kwa kufunika chakula na kwa kuchemsha maji ya kunywa. Maji yaachwe yatokote kwa dakika moja au zaidi.

Njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, vijidudu hutoka na kuingia katika pua na midomo ya wengine. Hii ni njia ya mafua, surua na kifua kikuu. Mfundishe mtoto kukohoa na kupiga chafya kwenye kiwiko cha mkono, si usoni kwa mwenzake. Na madirisha yafunguliwe hewa ipite.

Njia ya mbu. Vijidudu vya malaria huingia mwilini kwa kuumwa na mbu jike aina ya anofelesi. Hapa sabuni haisaidii. Hapa kinachosaidia ni chandarua chenye dawa.

Liko jambo jingine la kusema hapa. Wapo watu wazima wanaosema kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, eti kwa sababu bado ananyonya. Si kweli. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu, na kinaweza kuleta ugonjwa. Kitupwe chooni kama cha mkubwa, na aliyemtawaza mtoto anawe kwa sabuni.

TUTAZAME BAKULI LETU LA KUNAWIA

Katika nyumba nyingi, kabla ya kula huletwa bakuli moja la maji. Baba ananawa kwanza. Wanafuata wageni na wakubwa wengine. Mwisho wananawa watoto, katika maji yale yale. Tunafanya hivyo kwa heshima, na heshima ni jambo jema.

Lakini tuyatazame yale maji. Uchafu wa mikono yote umebaki bakulini. Mtoto, ambaye mwili wake ndio dhaifu, ndiye anayenawa uchafu wa wote. Tumemwambia anawe, naye ametii. Kumbe tumempa vijidudu zaidi.

Tufanyeje? Tunawe maji ya kumiminwa. Mtoto ashike jagi au kata, awanawishe wakubwa mmoja mmoja, na maji yaanguke katika beseni. Kisha mkubwa mmoja amnawishe mtoto. Heshima haikupungua, ila maji ya kila mtu ni safi. Na kila mtu atumie sabuni. Sabuni ikikosekana kabisa, majivu safi yanaweza kusaidia, lakini sabuni ni bora. Asugue viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole na kwenye kucha, huku akihesabu polepole mpaka 20.

Karibu na choo tengenezeni kibuyu chirizi. Chukua dumu dogo la lita 5. Kwa msumari wa moto toboa tundu moja ubavuni, karibu na juu, chini kidogo ya mfuniko. Tia maji yasifike kwenye tundu. Pitisha mti katika mshikio wa dumu, liweke kwenye panda mbili zilizochimbiwa chini. Funga kamba kwenye shingo ya dumu, na mwisho wa kamba funga kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiachia, linarudi. Mkono haugusi dumu. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa kwa kamba pembeni. Panda ziwe fupi ili mtoto wa miaka mitatu aweze kufikia. Watoto hupenda kukikanyaga kile kijiti, na kwa kupenda huko watanawa.

BIBI NA MJUKUU

Hapa tunaonyesha mfano wa mazungumzo. Mjukuu amekwisha kufanya jaribio la maziwa na bibi yake.

Mjukuu: Shikamoo, bibi.

Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?

Mjukuu: Natoka chooni.

Bibi: Umenawa?

Mjukuu: Mikono yangu misafi, bibi. Tazama.

Bibi: Naiona. Haya, niambie. Maziwa yale ya jana, nani aliyagandisha?

Mjukuu: Vijidudu.

Bibi: Uliviona?

Mjukuu: Sikuviona.

Bibi: Sasa utajuaje kwamba mikononi mwako havimo?

Mjukuu: Mh! Naomba sabuni, bibi.

Bibi: Ile pale, kwenye kamba.

Mjukuu: Bibi, nikinawa, na vile vizuri navyo vitaondoka?

Bibi: Vingine vitaondoka, vingine vitabaki. Usiwe na wasiwasi, vizuri ni vingi, havitaisha. Wewe ondoa wezi.

Umeona? Bibi hakumpigia kelele. Alimkumbusha jambo aliloliona mwenyewe, akamwachia ajibu.

MAMBO YA KUEPUKA

Kwanza, usimtishe mtoto. Usimwambie, "Vijidudu vitakuua leo." Mwambie tunaweza kujikinga, na mwonyeshe namna.

Pili, usimfundishe kumcheka mgonjwa. Mtoto akiugua hakufanya dhambi. Na virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kusalimiana, kwa kucheza wala kwa kula pamoja. Mtoto alijue hilo mapema, asije akamkimbia mwenzake.

Tatu, usifundishe kwa maneno usiyoyatenda. Mtoto akikuona umetoka chooni ukaenda moja kwa moja kumega ugali, somo lote limeharibika. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunjaji naye awe mfano.

VIJIDUDU VINAWEZA KUSHINDWA

Watoto huogopa sindano ya chanjo. Waeleze kwamba ndani ya damu tunao askari wa mwili. Chanjo huwaonyesha askari hao sura ya adui, ili akija kweli wamtambue na kumpiga upesi.

Waeleze habari za ndui. Ndui iliua watu wengi na kuwapofusha wengine kwa karne nyingi. Watu wakachanjwa nchi kwa nchi. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merka, nchini Somalia, Oktoba 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Wafugaji nao wanakumbuka sotoka iliyomaliza ng'ombe. Nayo ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha, kwa kazi ya chanjo.

Kwa hiyo tusikose kuwapeleka watoto kliniki kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

MTOTO AKIHARISHA

Hata tukijikinga, mtoto anaweza kuharisha. Kinachomuua upesi ni kupungukiwa maji. Mpe maji ya dawa ya pakiti inayopatikana zahanati. Ukiwa huna, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visiwe vya mlima. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo mara nyingi. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Zahanati watakupa pia vidonge vya zinki.

Mpeleke haraka ikiwa macho yamedidimia, hawezi kunywa, amelegea, anatapika kila kitu, au kinyesi kina damu.

Ndugu wasomaji, mwaka 1973 wanavijiji wa Tanzania walikaa katika vikundi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Na sisi tukae, tusome habari hii pamoja. Wiki hii kila nyumba ifanye jaribio moja na watoto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako watoto hunawa wakati gani, na katika maji gani?

2. Taja vijidudu rafiki vitatu unavyovitumia katika kazi zako.

3. Kwa nini maji matupu hayatoshi kuondoa vijidudu?

4. Ukianza na kijidudu kimoja saa 2 asubuhi, saa 5 vitakuwa vingapi?

5. Katika kijiji chenu, ni nyumba ngapi zina mahali pa kunawia karibu na choo? Nani atasaidia zile ambazo hazina?

MAANA YA MANENO

Hadubini: chombo cha kukuza vitu vidogo sana ili vionekane.

Kuvu: aina ya viumbe kama ukungu, hamira na uyoga.

Sumukuvu: sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka na karanga.

Kibuyu chirizi: chombo cha kunawia ambacho hukanyagwa kwa mguu.